Gari Linatetemeka, Abiria Amelala

Jumamosi, tarehe 1, mwezi wa tatu

Daftari hili ni la gari. Miaka thelathini na moja nimeendesha malori ya idara ya barabara, na kila siku nilijaza kitabu cha safari. Msimamizi wetu alisema asiyejua kuandika hapewi ufunguo. Wenzangu wakakimbilia kazi nyingine. Mimi nilijifunza maneno manne kwa wiki moja: Tarehe, Mvua, Gari, Mzigo. Mengine yalikuja yenyewe. Darasani sikukaa hata siku moja, na herufi zangu zimelala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe, lakini zinasomeka. Lori langu halikuwahi kulala njiani. Muulize yeyote aliyekuwepo wakati ule, kama bado yupo.

Sasa lori sina. Nina gari dogo, kongwe, limemzidi umri binti yangu. Na mzigo wangu ni mke wangu. Figo zake zimechoka. Kila Jumatatu na Alhamisi nampeleka hospitali ya mjini, saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, afungwe kwenye mashine inayosafisha damu. Akikosa mara moja anavimba miguu. Akikosa mara mbili anavimba uso na kuhema. Akikosa mara tatu, daktari hakuimalizia hiyo sentensi.

Nimemwonyesha ukurasa huu. Alikuwa karani, anasoma kama anakunywa maji. Akasema, "Mzigo ndiyo mimi?"

Nimekata hilo neno. Nimeandika Abiria.

Jumapili, tarehe 2

Bomba la moshi lilikuwa linagonga chini ya gari, ngo, ngo, ngo. Raba zinazolining'iniza zimekatika. Mke wangu amesema kila likigonga linamgonga kichwani. Nimepitisha mkono kwa nyuma na kwa ubavuni, nikalifunga kwa waya wa uzio, sehemu mbili, kila sehemu mizunguko mitatu, nikakaza kwa plaizi mpaka waya ukalia. Limetulia kama limechomelewa. Nusu saa tu. Hakuna fundi mjini angeifanya kazi ile kwa nusu saa.

"Ahsante, baba," ameniambia. Hilo nimeliandika lisisahaulike.

Jumatatu, tarehe 3

Mvua: hakuna. Gari: bomba kimya. Kuna mtetemo kidogo sakafuni, si kitu. Abiria: amepiga soga kwenda na kurudi. Kamsema dada yake, kamsema jirani, kanisema na mimi.

Alhamisi, tarehe 6

Mvua: ya kwanza mwaka huu, tumepandisha vioo. Gari: mtetemo umeongezeka. Unaanzia kwenye miguu, unapanda kwenye kiti, unafika kwenye meno. Abiria: kichwa kinamuuma. Amelala kabla hatujafika darajani.

Ijumaa, tarehe 7

Mvua. Sikutoka.

Jumamosi, tarehe 8

Mtetemo huu nitaupata kabla ya wiki kwisha. Mimi nilikuwa nasikia beringi ya lori ikiomba grisi wakati fundi wake bado anakunywa chai.

Nimefungua boneti, nikawasha injini, nikachomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Kila nikichomoa, injini inayumba. Maana yake zote nne zinafanya kazi, hakuna mvivu. Nikafungua plagi, nikazisugua kwa brashi ya waya, nikazirudisha. Nikashika sukani. Mtetemo ni uleule.

Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni na blanketi. "Umepata?"

"Nakaribia."

"Ulisema hivyo ulipokuwa unanitafutia nyumba ya kupanga, tukakaa kwa mama yako miaka sita."

Jumatatu, tarehe 10

Mvua: kubwa tangu alfajiri, vioo juu. Gari: linatetemeka. Likisimama kwenye foleni ndiyo linazidi. Abiria: amelala kwenda, amelala kurudi. Nimemuita mara mbili ndipo akafungua macho. Alisema, "Mbona uko mbali?" Na mimi nilikuwa hapa, bega kwa bega naye.

Na mimi kichwa kilikuwa kizito. Ni miwani, imepitwa na macho yangu.

Jumanne, tarehe 11

Leo nitaandika jambo ambalo sitamwambia mtu.

Sihofii gari. Gari ni chuma. Binti yetu anakaa mtaa wa pili kutoka hospitali. Tangu mwaka jana anasema, mama aje akae kwangu, nyumba ina chumba, aache kuteseka na barabara. Mimi nikasema gari lipo, dereva yupo, mke wangu analala kwake. Nikajipiga kifua. Sasa gari likinilalia njiani siku moja tu, na yeye ndani, watamchukua. Na haki watakuwa nayo. Nitabaki na vyumba vitatu na redio.

Kwa hiyo huu mtetemo hakuna wa kuujua. Nimemkataza mke wangu kuutaja kwenye simu.

"Nimtaje nani sasa," akasema, "nina nguvu ya kumtaja mtu?"

Hiyo nguvu ndiyo naiogopa. Inapungua. Nimeiona inapungua tangu Alhamisi ile.

Alhamisi, tarehe 13

Mvua: hakuna, jua kali na fukuto, vioo chini. Gari: linatetemeka. Abiria: macho. Alikula muwa njia nzima na kunitemea maganda kwenye kibweta changu cha miwani. Nilifurahi nikasahau kumgombeza.

Jumamosi, tarehe 15

Shemeji amekuja, mdogo wake mke wangu. Ana gereji. Anapima magari kwa kidude chenye kioo, anachomeka, anasoma, basi. Mimi namwita Kompyuta. Hakuitwa leo, alikuja kumwona dada yake, lakini akanikuta kwenye boneti.

"Shemeji," akasema, "hili gari umri wake wa kustaafu ulishapita. Lipe mkongojo likapumzike."

"Lichomeke hicho kidude chako tuone."

Akacheka. "Halina pa kuchomeka! Hili lilitengenezwa wakati umeme ni uvumi."

Akaweka mkono juu ya injini, akasikiliza. Nikadhani atasema ujinga. Akaniambia nilete glasi ya maji. Akaiweka juu ya injini inayounguruma. Maji yakacheza kidogo tu, yakatulia. Akaichukua, akaiweka ndani, sakafuni upande wa abiria. Maji yakaruka mpaka yakamwagika.

"Umeona?" akasema. "Injini yako ni nzima. Kuna kitu kinauchukua mtikisiko wake na kuuingiza kwenye bodi. Tazama chini, shemeji. Ingia uvunguni."

"Uvunguni nimeshatazama."

"Ngoja nitazame na mimi."

"Nimesema nimeshatazama. Wewe umevaa nguo za kwenda kuona wagonjwa, usije ukamwambia dada yako nimekuchafua."

Akaniangalia, akaingia ndani kwa dada yake. Nikawasikia wanacheka. Kisha nikasikia hawacheki.

Naandika ukweli, daftari halina mdomo. Uvunguni sijatazama. Mwaka jana nililala chini ya gari hili kufungua oili, nikashindwa kuinuka. Magoti yalikataa. Nililala pale tangu adhuhuri mpaka mke wangu aliporudi alikokwenda, nikamwambia nilipata usingizi kwa sababu kulikuwa na kivuli. Akanivuta mkono bila kuuliza. Tangu siku ile natengeneza gari kwa juu. Na kwa juu mimi ni hodari, hakuna wa kunifikia.

Jumatatu, tarehe 17

Mvua: ipo, vioo juu. Gari: linatetemeka. Abiria: amelala. Amefika hospitali kaning'iniza kichwa kama kuku aliyenyeshewa.

Sista wa mashine amenivuta pembeni. Ni mwanamke mnene, mpole, hana haraka. Akasema, "Mzee, wagonjwa wangu wengi wanakuja na nguvu kidogo, wakitoka hapa ndio wamechoka. Wako anakuja amekwisha, akikaa hapa kitandani nusu saa tu, hata mashine haijafanya kitu, anafunguka, anaanza kuchekesha watu. Ni kinyume. Nyumbani kuna nini?"

"Nyumbani kuna mimi."

Akacheka, mimi sikucheka.

Njiani kurudi mvua haikukatika. Akalala tena. Nikawa naendesha jicho moja barabarani, jicho moja kwenye kifua chake, kama kinapanda. Kinapanda. Kinapanda. Nilipita nyumbani kwangu mwenyewe mita mia mbili bila kujua.

Jumatano, tarehe 19

Nimefungua kabureta yote, nikaisafisha, nikaipuliza. Mkanda wa feni nimebadilisha. Feni nimeikagua panga moja moja. Nimewasha. Mtetemo upo palepale kama mpangaji mbishi.

Alhamisi, tarehe 20

Mvua: hakuna. Joto, vioo chini. Gari: linatetemeka. Abiria: macho, anaimba.

Kasema, "Leo damu yangu imekubali." Mimi nikasema mashine imeanza kumkolea. Tukakubaliana hivyo.

Jumamosi, tarehe 22

Nimefikiri siku mbili. Maji yalitulia kwenye injini, yakaruka kwenye sakafu. Basi ni raba zinazokalia injini, ndizo zimekufa, zinapitisha mtikisiko kwenye bodi. Kompyuta alisema chini, lakini raba hizo zinaonekana kwa juu ukiinama vizuri. Alikuwa karibu kupata, nikampita.

Nimeinua injini kwa jeki na ubao, nikatoa raba za zamani, nikaweka mpya. Kutwa nzima. Mgongo umekuwa upinde. Nilipowasha, mtetemo ulipungua. Nimempeleka mke wangu mpaka njia panda na kurudi, kajua kametoka, vioo chini.

"Sikia," nikamwambia. "Sikia ulivyo kimya."

"Nasikia unavyojisifu," akasema. Lakini mkono wake aliuweka juu ya mkono wangu, kwenye gia.

Jumatatu, tarehe 24

Mvua: kubwa kuliko zote, vioo juu, wipa zinazidiwa. Gari: mtetemo umerudi wote, umekuja na ndugu zake. Abiria: alitapika kabla ya daraja. Akasema mdomo wake una ladha ya chuma na gari linanuka.

"Gari la zamani hunuka," nikasema. Pua yangu imekula moshi wa dizeli miaka thelathini na moja, hainiletei habari tena.

"Huenda ni mimi ninayenuka," akasema. "Tangu mashine kila kitu kinanuka."

Akalala. Nikaanza kuhesabu nguzo za umeme ili nisifikiri. Nikasahau hesabu. Nikaanza tena. Nikasahau.

Binti yetu alitukuta hospitali. Alimwona mama yake anavyobebwa. Hakupiga kelele, ni heri angepiga.

"Baba, mpaka Jumapili. Jumapili nakuja kumchukua. Wala simuombi ruhusa mtu."

"Gari liko salama."

"Nani kauliza gari?"

Alhamisi, tarehe 27

Hii ndiyo nitaiandika yote, hata kama mkono utauma.

Kwenda kulikuwa na manyunyu, akafika amelegea, akafunguka kitandani kama Sista alivyosema. Tulitoka saa tisa alasiri. Mvua ikaanza kama mtu kamwaga ndoo. Nikapandisha vioo vyote, nikatupia na kanga kwenye ufa wa mlango wake asilowe. Tulipofika kwenye bonde kabla ya daraja magari yalikuwa yamesimama, mengi, maji yamepita juu ya barabara na watu wanasubiri yashuke. Nikasimama. Injini sikuizima. Betri haina nguvu, ningezima nisingewasha, na mimi sitasukumwa mbele za watu. Tukakaa hapo na lile gari linatetemeka, kioo cha pembeni kinatetemeka, miwani usoni kwangu inatetemeka.

Alisema, "Nina usingizi, baba." Nikasema lala, nitakuamsha maji yakipungua.

Sijui tulikaa kiasi gani. Nakumbuka nilitaka kumuuliza kitu nikaona uvivu kufungua mdomo. Niliiona mikono yangu kwenye sukani nikaona kama ya mtu mwingine, mikono ya mzee. Nikawaza, ndiyo hivi basi. Wala sikuogopa. Hicho ndicho kinachonitisha sasa ninapoandika, kwamba mimi nimeogopa mwezi mzima, halafu pale penyewe sikuogopa.

Kioo kikagongwa. Mwanamke mmoja muuza mboga, karai kichwani kafunika kwa nailoni, alikuwa anapita kati ya magari akitembea kwa miguu. Anagonga kwa kiganja. Mimi namtazama. Akafungua mwenyewe mlango wa mke wangu, akarudi nyuma hatua moja.

"Mzee! Humu ndani mnapika nini? Mbona moshi?"

"Gari langu halitoi moshi," nikasema. Ulimi ulikuwa mzito kama umefungiwa jiwe. "Funga mlango, unamlowesha mgonjwa."

"Mgonjwa gani? Huyu mbona haamki? Mama! Mama wee!"

Akamshika mabegani akamvuta. Kichwa cha mke wangu kikaangukia upande. Midomo yake ilikuwa myekundu, mizuri, kama siku niliyomwoa. Hapo ndipo hofu ilipoamka. Nilifungua mlango wangu nikaanguka kwenye maji ya barabarani, nikalowa mpaka kiunoni, nikazunguka gari kwa kushika boneti. Mimi na yule mwanamke tukamtoa, tukamkalisha kwenye ukingo wa barabara, mvua inampiga usoni. Nilikuwa namwita jina lake la usichana, ambalo silitumii tangu mtoto azaliwe. Muuza mboga anampiga viganja mashavuni na kumsema kana kwamba ni dada yake, "Usilale hapa wewe, hapa si kwenu, amka."

Akakohoa. Akafungua macho. Akamtazama yule mwanamke, akanitazama mimi nilivyolowa.

"Tumefika?" akasema.

Nililia. Muuza mboga aliona, dunia nzima iliona, na iandikwe.

Alikataa kurudi hospitali. Alitaka nyumbani. Ila alikataa kufunga kioo. "Nataka hewa, nilowe tu." Maji yaliposhuka tukaenda vioo vyote chini, mvua inaingia kama tuko nje. Abiria: macho mpaka mlangoni. Alishuka kwa miguu yake, akaweka maji ya chai jikoni.

Ijumaa, tarehe 28

Asubuhi nimemkuta kitandani na daftari hili. Amelisoma lote. Nikasimama mlangoni kama mwizi.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Hujaniambia kuhusu magoti."

"Hukuniuliza."

"Nilikuvuta mkono. Unadhani nilikuwa navuta nini?" Akalamba kidole, akarudi nyuma kurasa. "Sikiliza mwandiko wako. Tarehe sita, mvua, vioo juu, abiria amelala. Tarehe kumi, mvua, vioo juu, amelala. Tarehe kumi na tatu, jua, vioo chini, macho, anakula muwa. Kumi na saba, vioo juu, amelala. Ishirini, vioo chini, anaimba. Ishirini na nne, vioo juu, anatapika. Jana nimekaribia kufa vioo vikiwa juu, nikarudi naweka chai vikiwa chini. Mimi nimefanya ukarani miaka ishirini, baba. Hii si figo."

Nikasema, "Yule mwanamke alisema moshi."

"Na kabla ya tarehe mbili nilikuwa na maumivu gani ya kichwa? Ya kugongwa na bomba tu."

Nilitoka nje.

Mvua ilikuwa imepumzika, ardhi tope. Nikaweka gunia chini, nikalala chali, nikajisukuma kwa visigino mpaka nikaingia uvunguni. Sijaingia mahali pale mwaka mzima. Nikaona kwanza waya wangu. Mizunguko mitatu, umekaza, umeingia kwenye chuma. Hakuna mtu mwingine duniani anayefunga hivyo. Bomba halikuwa na pa kuchezea. Kila injini ikitikisika, lilikuwa linatikisa gari zima, hilo ndilo lililoyarusha maji kwenye glasi. Kisha nikafuata bomba kwa mkono kwenda mbele. Limepasuka kwenye kiungo, ufa unaingia kidole, kwa sababu nililinyima kuyumba likachagua kuvunjika. Ufa unatazama juu. Na juu yake kuna sakafu iliyoliwa na kutu, tundu kama kiganja, ambalo nililifunika kwa zulia mwaka jana ili miguu yake isipate baridi. Masizi meusi yamepanda kutoka kwenye ufa mpaka kwenye tundu, yamechora njia.

Nikalala pale nikaitazama ile njia.

Nikaona miguu yake, imevaa ndala, imesimama kwenye tope.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Ni nini?"

Mwezi mzima nimekuwa nikijibu haraka. Leo niliushika waya kwanza.

"Ni mimi," nikasema.

Miguu haikuondoka. Akasema, "Haya, toka huko."

"Siwezi."

"Najua huwezi. Nimeshampigia mdogo wangu."

Jumamosi, tarehe 29

Kompyuta ndiye aliyenitoa jana. Alinishika chini ya makwapa akanivuta kama gunia la mkaa. Nilikuwa namsubiri acheke. Hakucheka. Aliingia mwenyewe na suruali yake nzuri, akatoka na waya wangu mkononi umekatwa vipande.

"Shemeji, moshi huu hauna rangi ukishapoa, na mwingine hauna hata harufu. Unamlaza mtu kama mtoto anayepepewa. Ungeniacha niingie siku ile."

"Ningekuacha."

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

Alinitazama kana kwamba gari limetoa sauti mpya. Kisha akasema, "Waya lakini umeufunga vizuri, sijapata kuona. Umenilia msumeno mzima."

Akatupeleka hospitali kwa gari lake. Daktari akatoa damu yetu wote wawili, akatuvalisha barakoa za hewa, mimi kitanda hiki, yeye kile. Alisema siku chache zaidi za vioo juu na asingekuwa na mtu wa kumtibu. Mke wangu alinitazama kwa juu ya barakoa. Nilitaka anitukane.

Jumapili, tarehe 30

Binti amekuja na begi tupu la mama yake. Nimemwambia mwenyewe, kabla hajakaa. Waya, tundu, zulia, magoti, uongo wa uvunguni. Nikasema, "Mchukue. Sitasema neno."

Binti akalia, akaniambia maneno ambayo siyaandiki, nilistahili yote.

Mke wangu alimwacha amalize. Kisha akasema, "Begi nipe. Nitakaa kwako kuanzia kesho mpaka mvua ziishe, barabara ile si ya mtu mzima kwa sasa. Lakini kesho atanipeleka yeye."

"Mama!"

"Mdogo wangu ameweka bomba jipya, raba mpya, sakafu ameziba kwa bati na kuchomelea. Nimemsimamia mwenyewe. Atanipeleka yeye. Nisipopanda kesho sitapanda tena, na yeye hataendesha tena, halafu nitakuwa na wagonjwa wawili."

Jumatatu, tarehe 31

Nimewasha. Nimeweka glasi ya maji sakafuni upande wake. Yametulia kama yamelala. Nimeshuka, nimezunguka gari mara tatu. Nikapiga magoti nikanusa chini ya mlango, mimi nisiye na pua.

Vioo nikaviteremsha vyote. Baada ya njia panda mvua ikaanza.

"Pandisha kioo," akasema.

"Acha tulowe."

"Mimi nimelowa vya kutosha mwezi huu." Akashika mkono wa kioo akazungusha, taratibu, mpaka juu. "Na chako."

"Bado."

"Baba. Na chako."

Nikapandisha. Sijawahi kuogopa hivyo, si darajani, si kwenye miteremko na lori la kokoto lisilo na breki, na hiyo kweli ilinitokea, walikuwepo mashahidi. Gari lilikuwa kimya. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko mtetemo.

"Zungumza," nikamwambia. "Chochote. Usinyamaze."

Akatoa daftari hili kwenye mkoba wake, akaanza kulisoma kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza. Lori halikuwahi kulala njiani, akacheka mpaka akajishika mbavu. Hakuna wa kunifikia, akacheka tena. Alipofika pale nilipoukuta waya uvunguni akanyamaza. Nikageuka haraka. Alikuwa macho. Alikuwa anafuta jicho.

"Endelea," nikasema.

Akaendelea mpaka getini kwa hospitali. Akashuka mwenyewe. Sista akamtazama anavyokuja kwa miguu yake, akanitazama mimi, akaweka mkono kiunoni.

Nimeandika haya nikimsubiri, nimekaa kwenye benchi.

Mvua: kubwa, vioo juu. Gari: halitetemeki.

Safu ya mwisho nimempelekea kitandani aijaze mwenyewe. Huu ni mwandiko wake wa ukarani, umesimama wima:

Abiria: niko macho. Tazama barabara.